Ukuta Mnene, Njia Pana

Barabara inayotoka Isaka hupita Kahama na Nyakanazi, ikafika Lusahunga na kugawanyika. Mkono mmoja huelekea magharibi, kupitia Nyakahura na Benaco hadi daraja la Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Mwingine hupanda kaskazini kwenda Biharamulo, Muleba na Bukoba. Anayekula kwa mama ntilie katika njia panda hiyo huona malori ya nchi kadhaa yakipishana, na akichungulia jikoni ataona shehena nyingine isiyopita kwenye mizani ya barabarani. Mawese mekundu yametoka Kigoma kwa njia ya Kibondo. Alizeti imetoka Singida. Madumu ya njano ya mafuta ya mchikichi yaliyosafishwa yamekuja na malori ya Dar es Salaam, na kabla ya hapo yalivuka bahari kutoka Malaysia au Indonesia. Sangara ametoka ziwani na mafuta yake. Samli imetoka kwa wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu wa upande wa Karagwe.

Jinsi binadamu alivyokuja kujua kwamba mafuta yanapozidi katika damu huingia kwenye kuta za mishipa na kuzinenepesha ni historia ambayo kwa kawaida husimuliwa kutoka Berlin, St. Petersburg na Massachusetts. Huko ndiko ilikoanzia, sikatai. Lakini sura zake tatu zilizonifunza zaidi ziliandikwa huku kwetu: Kampala, katika nchi ya Wamasai, na kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Sura hizo zilisomwa vibaya, na tafsiri yake potofu bado inaishi vinywani mwetu kila tunaposema kwamba magonjwa ya moyo ni ya Wazungu na Wahindi, au kwamba babu alikula samli maisha yake yote na hakuumwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kufikiria mafuta ya damu katika nchi ya Biharamulo. Wajerumani walikuwa wamejenga boma lao, na kulizunguka ulikuwa msitu wa miombo uliojaa mbung'o. Malale iliua watu, nagana ikamaliza mifugo. Waingereza walipoitwaa nchi waliwaondoa watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o na binadamu wasikutane. Penye mbung'o ng'ombe hakai, na pasipo ng'ombe hakuna samli. Watu walikula ndizi, mtama, ulezi, mihogo, maharage na karanga, na nyama ya porini siku ilipopatikana. Upande wa Bugufi, milima ya Ngara ya leo, ng'ombe walikuwepo, ila ng'ombe wa Mhangaza, mwenyeji wa huko, alikuwa mali, mahari na heshima kabla hajawa kitoweo. Kila mtu alitembea, na karibu kila mzigo ulisafiri kichwani.

Miaka hiyohiyo, Ulaya ilikuwa inachunguza kwa nini mishipa ya watu wake inakakamaa. Mjerumani Rudolf Virchow alikwisha kueleza, tangu mwaka 1856, kwamba mabadiliko ya ukuta wa ateri yanafanana na uvimbe wa jeraha, na kwamba mafuta yanayoonekana humo yanatoka kwenye damu. Mwaka 1910 mkemia Adolf Windaus alipima kuta za aorta, mshipa mkuu unaotoka moyoni, akakuta zilizougua zina lehemu, ambayo wengi wetu tunaiita kolesteroli, mara nyingi kuliko zilizo nzima: ile iliyo huru mara 6 hivi, na ile iliyofungamana na asidi za mafuta mara 20 hivi. Miaka mitatu baadaye, St. Petersburg, kijana Nikolai Anitschkow akishirikiana na Semen Chalatow alifanya jaribio ambalo ningependa lifundishwe katika kila shule ya sekondari ya Tanzania. Aliwalisha sungura lehemu safi iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti. Sungura wengine akawapa alizeti tupu. Waliokula lehemu walipata mabaka ya mafuta kwenye mishipa yao, yakiwa na seli zilizovimba kwa matone ya mafuta, sawa na yale ya binadamu. Waliokula alizeti tupu hawakupata kitu. Akaona pia kwamba ukubwa wa madhara ulifuata wingi wa lehemu katika damu na muda ambao mnyama aliishi nayo.

Wingi na muda. Maneno hayo mawili yana karibu kila kitu kilichogunduliwa baadaye, lakini Anitschkow hakusikilizwa. Wenzake walijaribu kwa panya na mbwa, wanyama ambao miili yao huigeuza lehemu kuwa nyongo kwa wepesi, na wasipoona ugonjwa wakasema mambo ya sungura ni ya sungura. Madaktari wakaendelea kuamini kwamba mishipa hukakamaa kwa uzee, kama nywele zinavyoota mvi.

Tunachokijua leo ni hiki. Lehemu haiyeyuki katika maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Kwa hiyo ini huifunga pamoja na mafuta mengine na protini katika chembe ndogo ziitwazo lipoproteini. Chembe za aina ya LDL husambaza lehemu mwilini. Zile za HDL hurudisha sehemu yake kwenye ini. LDL ni ndogo kiasi kwamba hupenya utando wa ndani wa ateri. Nyuma ya utando huo kuna nyuzi nyembamba sana, na humo baadhi ya chembe hukwama kama dagaa wavuni: wanaopita ni wengi kuliko wanaonaswa, lakini wakipita wengi kila usiku kwa miaka thelathini, wavu utajaa. LDL iliyokwama huharibika. Mwili huiona kama adui, seli nyeupe za damu huingia kuimeza, hujaa mafuta, hushindwa kutoka, na nyingi hufia humo. Seli za misuli laini za ukuta husogea na kufuma kovu juu ya lundo hilo. Kovu na mafuta yaliyo chini yake ndiyo unene tunaouzungumzia. Huo wote unaweza kujengeka bila maumivu hata kidogo. Balaa huja siku kovu linapopasuka: damu huganda juu ya ufa kwa dakika chache, na kama ni mshipa wa moyo, sehemu ya moyo hufa, kama ni wa ubongo, mtu hupooza upande.

Trigliseridi, mafuta mengine ya damu ambayo hupanda kwa sukari, pombe, wanga uliokobolewa na kitambi, nayo husafiri katika chembe ambazo mabaki yake hubeba lehemu na kuingia ukutani vilevile. Presha huusukuma na kuuumiza utando. Moshi wa sigara huuchubua. Kisukari huuharibu polepole. Lakini hao ni wasaidizi. LDL isipokuwepo ya kutosha, lundo halina cha kulijaza.

Sasa twende Kampala. Njia ya vibarua kutoka Bugufi, Rwanda na Burundi ilielekea Buganda, kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Vijana walitembea siku nyingi kupitia Karagwe, na walipougua huko walikokwenda, wengi walipelekwa Mulago. Kwa hiyo wodi na chumba cha maiti cha hospitali hiyo vilikuwa kioo cha nchi nzima ya Maziwa Makuu, si cha Waganda peke yao. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935, alitibu utapiamlo, kifua kikuu, minyoo, na mioyo iliyochakazwa na presha na maambukizi. Moyo uliokufa kwa sababu mshipa wake umeziba hakuuona kwa Mwafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo. Mmoja tu, na alitosha kuandikiwa makala.

Mwaka 1960 zikatoka hesabu ambazo hadi leo zinanishtua. Wilbur Thomas wa St. Louis, Marekani, na Jack Davies, mpatholojia wa Mulago, walishirikiana kulinganisha uchunguzi wa maiti 632 za Uganda na 632 za St. Louis, zikiwa zimepangwa kwa umri na jinsia. Za St. Louis zilizokuwa na alama za shambulio la moyo zilikuwa 136. Za Uganda, moja.

Ilikuwa rahisi mno kwa watawala wa wakati ule, na kwa sisi wenyewe baadaye, kusema kwamba damu ya Mwafrika ina kinga. Gerald Shaper, daktari wa Afrika Kusini aliyefundisha Makerere, hakuridhika. Mwaka 1959 yeye na K. W. Jones waliwapima Waafrika na Waasia wa Uganda. Lehemu ya Waasia ilikuwa juu, na ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuwa nao. Lehemu ya Waafrika waliokula matoke, viazi na maharage ilikuwa chini, na ugonjwa hawakuwa nao. Watu hao walipumua hewa moja, jua lao lilikuwa moja, malaria yao moja. Walichotofautiana ni chungu cha mboga na kiasi cha kazi ya mikono. Shaper aliitazama sahani, na nadhani alitazama mahali panapostahili.

Kisha akapanda kaskazini mwa Kenya, na huko sahani ikamchanganya. Morani wa Samburu walikunywa maziwa lita kadhaa kwa siku msimu wa mvua, wakala nyama, na mafuta yao yalikuwa ya mnyama karibu yote. Kwa hesabu ya Kampala walipaswa kuwa na lehemu ya juu kuliko Mhindi yeyote. Walikuwa nayo chini, na presha yao pia ilikuwa chini. Shaper alichapisha hayo mwaka 1962.

Mwaka huohuo George Mann, profesa wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alifika Tanganyika kuwapima Wamasai. Mann hakuwa mgeni wa jambo hili. Aliwahi kufanya kazi Framingham, mji wa Massachusetts ambako tangu 1948 maelfu ya wakazi walifuatiliwa mwaka hadi mwaka, na ambako ilithibitika kwamba mwenye lehemu na presha ya juu leo ndiye ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka kwa moyo kesho. Timu yake iliwapima wanaume 400. Lehemu yao ilikuwa chini sana, wembamba wao haukupungua na umri, na mashine ya kupima umeme wa moyo haikuonyesha karibu dalili yoyote ya ugonjwa. Mann akatoka huko akiwa mpinzani mkali wa wazo kwamba mafuta ya chakula yanaziba mishipa, na wapo hadi leo wanaotumia jina lake kuhalalisha mafuta yoyote kwa kiasi chochote.

Wanaolitumia hivyo huwa wanaishia kwenye makala yake ya 1964 kuhusu safari hiyo. Ile ya 1972 hawaisomi. Mann, safari hii akiwa na wenzake watatu, mmoja wao Anne Spoerry, daktari rubani Mfaransa aliyezunguka Kenya nzima kwa ndege na shirika la AMREF, alikusanya mioyo na aorta za wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Kwa kuwatazama Wamasai walio hai mtu angetegemea kukuta mishipa laini kama ya mtoto. Haikuwa hivyo. Aorta zilikuwa na mabaka mengi, mafuta yameingia, kovu limefumwa. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa nene sawa na za wazee wa Kimarekani. Kilichokosekana ni nyufa, vidonda na damu iliyoganda. Na mishipa yenyewe ilikuwa mipana: kadiri umri ulivyoongezeka ndivyo mirija hiyo ilivyopanuka, zaidi ya kufidia nafasi iliyoliwa na unene wa ukuta. Damu ilipita bila kikwazo katikati ya ukuta mgonjwa. Mann alidhani upana huo ulitokana na mazoezi ya miguu ya maisha yote.

Nimeirudia makala hiyo mara nyingi kwa sababu inavunja hadithi mbili kwa mpigo. Inavunja ile ya kinga ya damu: ukuta wa Mmasai ulinenepa kama wa mtu mwingine yeyote. Inavunja pia ile ya samli isiyo na madhara: mafuta yaliingia ukutani. Alichokuwa nacho Mmasai ni njia pana, na kwa maoni yangu alikuwa na kitu cha pili ambacho Mann alikipuuza ingawa alikipima mwenyewe: lehemu ya chini katika damu, ambayo ilifanya malundo yake yawe na kovu zaidi kuliko mafuta laini, hivyo yasipasuke kirahisi.

Ilichukua miaka 15 mpaka ulimwengu ukaelewa ule upana. Mwaka 1987 Seymour Glagov wa Chicago alichunguza mishipa ya moyo ya Wamarekani na kuonyesha kwamba ateri ya binadamu yeyote hujaribu kupanuka ukuta unaponenepa, na kwamba njia ya damu haianzi kubanwa hadi lundo lichukue karibu asilimia 40 ya eneo la mshipa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa ukutani na bado akakimbia, akalima, akacheza mpira. Madaktari wa moyo duniani hulitaja jina la Glagov kila siku. Wamasai 50 waliotangulia kuonyesha jambo hilo hawatajwi, na ninaona ni deni.

Mjadala wa damu nao haukufa kirahisi. Mwaka 1971, timu nyingine ya Wamarekani, ya Kurt Biss, Kang-Jey Ho na Bruce Taylor, ilionyesha kwamba mwili wa Mmasai anayekula lehemu nyingi hupunguza kwa nguvu lehemu ambayo ini lake lingeitengeneza. Wakaiita sifa ya kipekee ya kibaiolojia ya kabila hilo. Lakini mwaka 1976 José Day na wenzake wakachapisha ulinganisho wa Wamasai wa vijijini na ndugu zao waliohamia mjini. Wa mjini walikuwa wazito zaidi na lehemu yao imepanda. Ukoo ni uleule, mababu walewale. Kama kinga ingekuwa katika damu, isingeachwa kituo cha basi.

Jibu la swali iwapo LDL yenyewe ndiyo mkosaji, au ni shahidi tu aliyekutwa eneo la tukio, lilitoka Dallas. Kuanzia 1973 Michael Brown na Joseph Goldstein walichunguza familia zinazorithi lehemu ya juu kupita kiasi. Waligundua kwamba seli za ini zina vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiondoa katika damu, na kwamba watoto waliozaliwa bila vipokezi hivyo hupata shambulio la moyo wakiwa bado wadogo, bila sigara, bila kitambi, bila uzee. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Hapo ndipo ilipoeleweka pia kwa nini samli, mafuta ya nyama na mawese hupandisha LDL: asidi za mafuta yanayoganda hupunguza kazi ya vipokezi hivyo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni asidi ya aina hiyo. Wekundu wake hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na sitamwambia mtu wa Kigoma aache kabisa mawese yake, ila kuyamwaga chunguni kila mlo si jambo dogo. Mafuta ya mimea yanayogandishwa kiwandani, ambayo kwa miongo mingi yalijaza makopo ya jikoni kote Afrika Mashariki, yalikuwa mabaya zaidi: mwaka 1990 Waholanzi Ronald Mensink na Martijn Katan walionyesha kwamba hupandisha LDL na wakati huohuo kushusha HDL.

Mwaka 1994 ukafika, na barabara ya Lusahunga ikaonekana kwenye televisheni za dunia. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco, mahali ambapo jina lake limetokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Malori ya chakula yalipita Lusahunga usiku na mchana yakibeba mahindi, maharage na mafuta ya kupikia. Hospitali zilipigana na kuhara damu, na mafuta yale yalikuwa uhai kwa mtoto aliyekonda. Novemba ya mwaka huohuo yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Skandinavia wa wagonjwa 4,444 wa moyo: nusu yao waliopewa kidonge cha simvastatin, kinacholazimisha ini kuongeza vipokezi vyake na kuvuta LDL kutoka kwenye damu, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 30. Dawa za ukoo huo zilitokana na kazi ya Mjapani Akira Endo, aliyezipata katika ukungu miaka ya 1970. Hakuna aliyekuwa Benaco mwaka ule angekuwa na nafasi ya kuisikia habari hiyo, na hakuna wa kumlaumu.

Miaka miwili baadaye sura ya tatu iliandikwa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kuwa haihitaji mashujaa wala maajabu. Paolo Pauletto na wenzake kutoka Padova, Italia, walifanya kazi na hospitali ya misheni ya Lugalawa, Ludewa. Walipima watu wa kabila moja waliotenganishwa na mteremko: 618 waliishi mwambao wa Ziwa Nyasa na kula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku; 645 waliishi milimani na kula mahindi, mboga na maharage. Wote walikuwa maskini, wote wakitumia miguu na jembe. Presha ya juu walikuwa nayo asilimia 16.4 ya watu wa milimani, na asilimia 2.8 tu ya wavuvi. Lehemu ya wavuvi ilikuwa wastani wa milimoli 3.5 kwa lita, ya milimani 4.1. Trigliseridi za wavuvi nazo zilikuwa chini. Mafuta ya samaki si ya jamii ya samli. Hayagandi kirahisi, na hushusha trigliseridi.

Mtu wa Biharamulo akisoma hayo atauliza mara moja: na sisi wa Ziwa Viktoria? Swali zuri. Samaki tunao, lakini kati ya ziwa na sahani kuna karai. Sangara, aliyepandikizwa ziwani wakati wa ukoloni na kuenea kwa kasi miaka ya 1980, minofu yake ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mapanki, yaani mifupa iliyobaki, yaliyokaangwa katika mafuta yaliyotumika jana na juzi. Mlo wa Lupingu, kule mwambao wa Nyasa, haukuwa huo.

Mwaka 2010 Mtanzania Julia Mbalilaki na wenzake wa Norway na Sweden walichapisha kazi iliyolifungua fumbo la Mann kwa namba. Walipima watu 985: Wamasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini. Wamasai bado walikula mafuta mengi ya mnyama, na bado walikuwa na mafuta ya damu yenye uwiano bora kuliko wote. Lakini nishati waliyotumia kwa shughuli, juu ya ile inayohitajika mtu akiwa amelala, ilikuwa kilokalori 2,565 kwa siku. Wa vijijini 1,500. Wa mjini 891. Tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni kutembea kwa saa kadhaa kila siku ya maisha.

Sasa mchukue dereva wa lori la Isaka hadi Kigali anayesimama Lusahunga saa mbili usiku. Nyama choma anayoagiza inaweza kuwa ya ng'ombe uleule ambaye Mmasai angemla. Chipsi mayai zimetoka kwenye mafuta ya mchikichi. Soda ni baridi, sigara ipo mfukoni, na tangu alfajiri misuli iliyofanya kazi ni ya kifundo cha mguu. Yeye ana mlo wa morani bila miguu ya morani. Ukuta wake utanenepa kama ulivyonenepa wa wale 50, ila hakuna kinachopanua njia, na LDL yake inaujaza mafuta laini. Bodaboda aliyeacha kutembea kwenda Nyakanazi yupo kwenye safari hiyohiyo, na mwenye duka pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana lehemu iliyopanda. Miongo mitano tu kabla ya hapo, madaktari wa Mulago waliitafuta mioyo iliyokufa kwa kuziba mishipa wakaupata mmoja kati ya 632.

Vifaa vya kuona ukuta huo kwa mtu aliye hai vipo. Mwaka 1986 Paolo Pignoli wa Milan alionyesha kwamba mawimbi ya sauti yanaweza kupima unene wa ateri ya shingo kwa sehemu za milimita, bila kisu na bila sindano. Ni mashine ya jamii ileile inayowapima wajawazito, ikiwekewa kichwa cha kusomea mishipa ya karibu na ngozi. Simvastatin iliingia katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, na vidonge vya ukoo huo sasa hutengenezwa na viwanda vingi kwa bei ya chini. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2015, na hospitali ya rufaa ya kanda ipo Chato, wilaya jirani kabisa na Biharamulo.

Hakuna dawa inayourudisha ukuta mnene kuwa kama wa mtoto. Tiba kali zaidi ya kushusha LDL hupunguza lundo kwa kiasi kidogo tu. Faida yake kubwa ni kwamba mafuta laini hupungua na kovu huwa gumu, lisipasuke. Dereva wa miaka 35 anayeshusha LDL yake leo, kwa kubadili mafuta ya karai, kutembea, kuacha sigara, na kumeza kidonge kama daktari ameona hivyo, anaukinga ukuta kwa miaka ishirini kabla ya umri ambao kovu hupasuka zaidi. Anayeanza akiwa na miaka 60, baada ya kiharusi cha kwanza, anapewa kidonge hichohicho, na kinamsaidia, lakini ukuta anaoutibu umekwisha kujengwa.